Santuri ya Françoise Hardy ya 1971: nimekaa nayo miezi minane

Nianze na pesa, maana najua wengine ndicho mnachotafuta. Euro 22, santuri iliyochapishwa upya ya Françoise Hardy, mwimbaji wa Ufaransa, kutoka duka dogo la muziki hapa Lyon, kule kwenye mteremko wa Croix-Rousse. Ukitaka ukweli wote, imenigharimu 37, kwa sababu kabla ya hapo nilishaliwa euro 15 na muuzaji mmoja wa mtandaoni aliyeniletea sahani ya zamani imepinda kama chapati iliyosahaulika juani. Sindano inapanda, sindano inashuka, na sauti ya dada wa watu inayumba kama amelewa. Nilimwandikia mara tatu. Mara ya kwanza alisema labda mashine yangu ndiyo mbovu, mara ya pili akanitakia siku njema, ya tatu kimya mpaka leo. Kwa hiyo ukinunua mkononi mwa mtu, itoe kwenye jalada, iinue usawa wa jicho kama fundi seremala anavyokagua ubao, hakikisha imenyooka, ndipo utoe hela.

Sasa albamu yenyewe. Wengi wanaiita "La question", yaani swali, kwa jina la wimbo wake wa pili. Nyimbo 12, sita kila upande, nusu saa na ushee basi. Nusu saa hiyo ndiyo iliyonishika, kwa sababu ya kazi yangu. Mimi ni msaidizi katika nyumba ya wazee, zamu ya usiku. Natoka saa moja asubuhi, nafika nyumbani saa mbili kasoro, na siku ambazo hakuna shule mwanangu anaamka saa tatu. Kati ya kuvua viatu na kuitwa "mama uji", nina muda wa santuri moja fupi. Nyingi nilizonazo zinakatizwa njiani. Hii inaisha.

Niliisikia mara ya kwanza kazini, Juni 2024, wiki ile aliyofariki Hardy. Redio za Ufaransa zilikuwa zinapiga nyimbo zake mchana kutwa, na karibu zote ni zilezile ambazo kila Mfaransa anazijua. Wazee wetu walikuwa wanaimba pamoja na redio kwenye chumba cha kahawa, mabibi waliozaliwa miaka ya arobaini, wengine wamesahau majina ya watoto wao lakini beti hazijawatoka. Usiku wake, kama saa nane hivi, kituo kimoja kikapiga kitu tofauti kabisa. Gitaa la nyuzi za nailoni, linapigwa polepole, na mwanamke anaimba kwa sauti ya mtu anayezungumza na mtu mmoja aliyelala mto wa pili. Nikasimama na beseni mkononi. Mtangazaji alipotaja jina sikuamini ni yuleyule. Kesho yake nikamuuliza bibi mmoja aliyekuwa shabiki wake mkubwa ujanani, anazo sahani zake mpaka leo kwenye kasha. Akanikazia macho: "Hiyo siijui. Mimi niliishia zile za mwanzo." Baadaye nikagundua hayuko peke yake, kwani albamu hii ilipotoka haikuuza.

Kwa wasiomfahamu, Hardy alizaliwa Paris Januari 1944, akalelewa na mama yake, baba akiwa mtu wa kuja na kuondoka. Alipofaulu mtihani wa kumaliza sekondari, baba huyohuyo ndiye aliyemzawadia gitaa. Oktoba 1962, akiwa na miaka 18, televisheni ya Ufaransa ilikuwa inangoja matokeo ya kura ya maoni ya Jenerali de Gaulle, rais wa wakati ule, na katika kujaza muda wakamweka binti huyu aimbe "Tous les garçons et les filles". Nchi nzima ilikuwa imekaa mbele ya seti. Kulipokucha alikuwa nyota. Muziki ule waliuita yé-yé, na mtu wetu akitaka kuuelewa achukulie ni bongo fleva ya kwao ya wakati ule: vijana wanacheza, wazee wanaguna kwamba haya nayo ni maimbo gani. Uzuri wake nao ukamtangulia kila mahali. Wapiga picha na wabunifu wa mavazi walimgombania, na hata mwimbaji wa Marekani Bob Dylan, mwaka 1964, aliweka mistari ya kumtaja yeye kwenye jalada la albamu yake.

Nasema haya kwa sababu bila kuyajua huwezi kuona alichokifanya 1971. Alikuwa na miaka 27. Alikuwa ameshaacha kupanda jukwaani, jambo ambalo hakuwahi kulipenda, na ameachana na kampuni iliyomtoa, sasa ana kampuni yake ndogo ya kuzalisha muziki. Kwa maneno mengine hakuna bosi wa kumwambia "tuletee nyingine kama ile ya kwanza". Tumewaona wangapi kwetu waliofika hapo, wakapewa uhuru, wakatoa ileile ya kwanza kwa mapigo ya kasi zaidi?

Yeye akamchukua Tuca. Huyu alikuwa Mbrazil, mwimbaji, mtunzi na mpiga gitaa, wakati huo yuko Paris akiimba kwenye mgahawa wa Kibrazil, na nyumbani kwao jeshi lilikuwa limeshika nchi tangu 1964. Nyimbo nyingi za albamu hii, muziki ni wake, na Hardy ameandika maneno ya kadhaa. Walifanya mazoezi pamoja kwanza, wiki kwa wiki, kabla ya kuingia studio, na hilo unalisikia. Gitaa la Tuca linajua mwimbaji atavuta pumzi wapi. Kuna sehemu linamsubiri. Chini yao kuna besi ya Guy Pedersen, mtu mzima asiye na haraka, halafu ala za nyuzi alizozipanga Raymond Donnez zikaongezwa baadaye. Ngoma karibu huzisikii. Mwimbaji aliyepata jina kwa muziki wa kuchezea ameondoa ngoma!

Hapo ndipo kwangu ukubwa wa albamu ulipo. Siku hizi msanii akitaka kuonyesha amekua, ataongeza: kwaya, mapiano, mashairi marefu ya uchungu, picha ya jalada amekunja uso. Hardy alipunguza. Hata sauti ameishusha. Kwenye nyimbo za 1962 anaimba kama msichana aliyesimama wima mbele ya darasa. Hapa midomo iko karibu sana na maikrofoni, unasikia ulimi ukiachia meno. Ukisikiliza kwa hedifoni utasikia na kidole cha Tuca kikiteleza juu ya uzi, ule mlio mwembamba kama wa panya, ambao fundi mwingine angeufuta. Wameuacha. Mara ya kwanza nilidhani ni mkwaruzo kwenye sahani yangu, nikaifuta kwa kitambaa mara mbili, nikairudisha, na mlio uko palepale.

"La question" wenyewe ni wimbo wa kama dakika mbili. Hauna kiitikio cha kushikia. Mwanamke anamwambia mwanamume kwamba hamjui ni nani, hajui anachotafuta, na hata hivyo amebaki. Hakuna kulalamika, hakuna "umenitenda". Anaeleza tu hali ilivyo, mpaka mwisho anamwita mwenzake swali lisilo na jibu. Miaka hiyo Hardy alikuwa na Jacques Dutronc, mwimbaji mwenzake, na katika kitabu cha maisha yake alichokitoa 2008 hakuficha kwamba mapenzi yale yalikuwa ya kungoja sana. Lakini huhitaji kujua habari za Dutronc. Mwanamke yeyote aliyewahi kukaa na chakula kimefunikwa mezani, saa tano usiku, anajiambia "foleni labda", ataelewa bila mkalimani.

Nimekulia Tanga, na nyumbani kwetu taarabu ilikuwa ya redio ya mama. Tanga ndiko Black Star na Lucky Star walikokuwa wanapiga taarabu ya kundi dogo, gitaa na besi, badala ya ule msafara wa ala wa Unguja. Kwa hiyo sikio langu limezoea mapenzi yanayoimbwa kwa kituo, bila kupaza, na neno linalosemwa upande ili mwenyewe ajijue. Hardy hana mafumbo ya namna hiyo, maneno yake ni mepesi, mengine hata mtoto wa darasa la tano anayaelewa. Ila ile namna ya kuacha jambo zito likae bila kuligusa, hiyo naijua. Tofauti kubwa ni fidla. Katika taarabu fidla inakaa mbele, inajibizana na mwimbaji kama wifi na wifi. Hapa zinakuja kwa nyuma, kama maji ya kujaa pwani, unageuka tu unakuta miguu imelowa.

Wimbo wa mwisho wa upande wa kwanza, "Mer", ndio nimeusikiliza kuliko yote, na ndio nimegombana nao kuliko yote. Mer ni bahari. Kwa Kifaransa, bahari na mama yanatamkwa sawasawa, unatofautisha kwa maandishi tu, na hilo wimbo unalijua: anataka kulala, kubembelezwa, kuchukuliwa na maji. Ni mzuri mno, gitaa lenyewe linakwenda na kurudi. Lakini mimi babu yangu alikuwa mvuvi. Bahari kwetu iliondoka na watu, na haikuwabembeleza. Mara za mwanzo nilikuwa nauona ni wimbo wa mtu aliyeiona bahari likizo. Kisha asubuhi moja, zamu ilikuwa mbaya, tulikuwa tumempoteza mzee mmoja alfajiri na bado nilitakiwa kufika kwenye chumba kinachofuata nikitabasamu, nikausikiliza nikiwa bado na koti. Sikutaka kubembelezwa na mtu. Nilitaka kitu kikubwa kisichoniuliza chochote. Basi, tukapatana.

Sio kwamba kila kitu kimenikaa. "Le martien", wenye mtu wa sayari ya Mars, umenishinda. Najua kuna wanaoupenda, mimi naona ni wazo lililopaswa kubaki daftarini. Na fidla za "Viens", wimbo wa kwanza kabisa, zinaingia kwa nguvu utadhani filamu inaanza, zinamfunika kidogo. Ni wimbo mkubwa, wengi wanautaja kwanza, lakini kwangu unadanganya kuhusu albamu: mtu akianza nao anategemea dhoruba, halafu anakuta chumba kimoja na taa ya kando. Ndiyo maana siku hizi naanza na upande wa pili. "Oui, je dis adieu", "Doigts", "La maison", zinafuatana taratibu, na unakuwa umeshazoea mwanga mdogo kabla hujageuza sahani.

Kasoro kubwa nitaisema wazi: mwendo wa nyimbo ni mmoja. Usiipige kwenye sherehe, usiipige ukiwa unasafisha nyumba, kitambaa cha deki kitakushinda. Nilijaribu kumsikilizisha mwenzangu wa zamu, kijana wa Bukavu, saa tisa usiku kwenye chumba cha mapumziko. Akatafuna mkate wake mpaka katikati ya wimbo, akauliza:

"Yaya, huyu mama analala ao anaimba?"

"Ngoja kidogo."

Akangoja kwa heshima. Wimbo wa tatu, "Même sous la pluie", habari ya mtu anayengoja hata kwenye mvua, akaacha kutafuna. Akasema gitaa ni zuri, lakini mwanamke angevaa koti aende nyumbani. Sikuwa na jibu.

Lakini nikiri kosa lilikuwa langu. Nilimpigia kwa spika ya simu, na kwenye spika ya simu albamu hii inakufa. Besi inapotea yote, fidla zinakuwa mbu, kinachobaki ni "s" na "ch" za Kifaransa zinapuliza. Wiki iliyofuata nilimpa hedifoni na wimbo wa "Rêve", ule wa kufungia, ambao muziki wake ni wa Mbrazil mwingine, Taiguara. Alirudisha hedifoni bila kusema kitu, kisha siku mbili baadaye akaniuliza jina linaandikwaje. Kwa hiyo kama huna mashine ya santuri, hakuna ubaya, isikilize mtandaoni, lakini weka kitu masikioni. Na kama unatumia huduma ya bure, jiandae: tangazo la bima lilinirukia mara tu baada ya "La question", mwanamume anapiga kelele kuhusu punguzo, nikatamani kurusha simu dirishani.

Kuhusu Kifaransa. Mtaniuliza kama mtu asiyekijua atafaidi. Nadhani atafaidi nusu, na hiyo nusu inatosha, kwa sababu sauti na gitaa vinabeba mengi. Lakini kama unajifunza, hii ni bora kuliko nyimbo nyingi nilizopewa mimi nilipokuwa najifunza. Anatamka kila silabi, hana haraka, na hana misemo ya mtaani. Nilipofika hapa miaka 11 iliyopita Kifaransa changu kilikuwa cha vitabu, nilikuwa nawaelewa watangazaji wa habari na simwelewi mwuza mkate. Ningeipata albamu hii wakati ule ningejifunza mapema kwamba Mfaransa akishusha sauti ndipo anaposema jambo lenyewe.

Kilichonisikitisha ni habari za baada yake. Niliyoyasoma kuhusu mapokezi yanafanana na alichoniambia yule bibi: watu walikuwa wamezoea msichana wa 1962, na mwimbaji asiyepanda jukwaani hana pa kuwafuata na kuwashawishi. Mwaka 1973 akafanya kazi na mtunzi Michel Berger, wakatoa wimbo "Message personnel", mambo yakamnyookea tena, na siku alipofariki huo ndio uliopigwa redioni asubuhi hadi jioni. Tuca alirudi Brazil, akafariki 1978 akiwa hajafika hata miaka 35. Jina lake kwa Wafaransa wa kawaida halipo kabisa. Nilipomtaja kwa mwuzaji wangu wa Croix-Rousse, mtu ambaye anajua kila kitu mpaka anachosha, aliinua kichwa kutoka kwenye mashine ya kadi kwa mara ya kwanza tangu nianze kwenda pale. Hardy mwenyewe hakumsahau. Mpaka uzeeni aliitaja hii kuwa miongoni mwa albamu zake alizozipenda zaidi.

Kwa ubora wa sahani niliyonunua: nzito kiasi, imenyooka, kelele kidogo sana kati ya nyimbo. Jalada la karatasi la ndani ni lile la kukwaruza, nimelibadilisha kwa la plastiki laini, senti chache tu. Jalada la nje kona moja ilishabonyea dukani, hainiumi. Jirani wa chini, ambaye kwa santuri zangu za rumba hugonga dari kwa fagio, kwa hii hajagonga hata siku moja. Sijui anaipenda au haisikii.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeikata kwa ajili ya yule mtu wa Mars na zile fidla za mwanzo. Dukani kuna ile iliyofuata, ya 1972, bei euro 30, na mwezi huu nimeshalipa ada ya safari ya shule. Mwuzaji ameniwekea kando mpaka tarehe 28.